Tofauti ya Punje Moja ya Mchele

Gari-nyumba la Monsieur Lambrechts lilirudi Jumanne asubuhi, likivutwa na lori, na mtu wa kwanza kuliona alikuwa Constant Kitenge, fundi mipira wa garage ya Mgiriki. Alilitazama likipita getini, kisha akainama na kuendelea kupaka gundi kwenye mpira wa baiskeli. Kama ungekuwepo ungesema mtu huyu hana habari nalo. Ungekosea. Ndani ya gari lile ndimo alimofia mdogo wake.

Lilikuwa gari la Kifaransa, la bati lenye mikunjo, refu, na mlango ubavuni. Seremala mmoja wa Yangambi alikuwa amelitia kitanda, meza ya kukunja, kabati la sahani na mahali pa kuweka jiko la petroli. Kazi ya Lambrechts ilikuwa kuchunguza wadudu wa mikahawa, na wadudu hawana adabu ya kukaa karibu na hoteli. Basi muzungu alilala ndani ya gari lake msituni wiki nzima, na dereva wake, Alexis, mdogo wake Constant, alilala nje kwenye turubai. Mwezi wa pili wa mwaka ule wa 1956 muzungu alishikwa na homa huko Bafwasende, akabaki na kumtuma Alexis arudi Kisangani peke yake kuleta dawa. Kwenye kona moja kabla ya Bafwaboli gari lilitoka barabarani, likapinduka. Polisi waliandika kwamba ni utelezi. Haya, ikawa utelezi. Miezi saba gari lilikaa kwa mtu wa kunyoosha mabati, likapakwa rangi mpya, na sasa lilikuwa linangoja kitu kimoja tu.

"Mipira ine," alisema Mgiriki, akifuta shingo kwa kitambaa. "Ya mupya yote. Muzungu atakuja kuichukua samedi, anaenda congé, kupumzika, na madame na batoto. Mesure, kipimo yake, unaijua, ni weye uliiwekaka ile ya mbele. Bon?"

"Ndiyo, patron," akasema Constant.

Alikuwa anaijua. Taabu yote ilikuwa hapo.

Tangu mwezi wa pili Constant alikuwa amekufa ganzi. Usifikiri nasema huzuni. Huzuni mtu anaijua, ina maji yake, inakuja na kuondoka. Hii haikuwa na kitu. Hakulia siku ya maziko, hakulia siku ya tatu. Akiambiwa kula, alikula, na sombe ya mke wake Angèle, mboga ya majani ya muhogo ambayo zamani ilimfanya arudi nyumbani mbio, sasa ilipita kooni bila ladha, maji matupu. Watu wa mtaa wa Tshopo walisema ana moyo mgumu. Wengine walisema hapana, huo ndio ukubwa, mkubwa halii hadharani. Watu hawakosi la kusema, na wote hawakujua kitu.

Sasa nikueleze mambo ya mipira, na usinikimbie, ni mafupi. Mpira wa gari una tundu, na jante, ule mduara wa chuma, una upana wake. Vikilingana, mpira unaingia kwa taabu: unaupaka sabuni, unausukuma kwa vyuma, unaulaani, unatoa jasho. Malori yote ya Kisangani miaka ile yalikuwa ya Kimarekani, na mipira yake ilikuwa ya kumi na sita, kwa kipimo cha inchi. Gari la Lambrechts lilikuwa la Kifaransa, na jante zake zilikuwa za mia nne, kwa kipimo cha milimita. Kati ya kumi na sita ile na mia nne hii kuna tofauti ya milimita sita. Ni urefu wa punje moja ya mchele.

Pale garage hakuna aliyewahi kuitazama tofauti hiyo. Mzungu wa stoo wa kwanza, ambaye alikwisha kurudi kwao zamani, alikuwa amepaka namba kwa lami kwenye mbao za rafu, na ubao mmoja ulisema 16. Mipira yote ya ukubwa ule iliwekwa hapo, iwe ya Amerika, iwe ya Ufaransa. Wafanyakazi waliagizana kwa ubao, si kwa mpira: nipe ya kumi na sita. Na kipimo cha Constant kilikuwa mti wenye meno mawili, jino huku na jino huku, unaokumbatia jante kutoka ukingo hadi ukingo. Mzungu yule alimchongea na kumwambia: ikikumbatia, ni kumi na sita. Mwezi wa kwanza Alexis alipoleta gari kubadilisha mpira wa mbele, Constant aliweka mti wake, akaona umekumbatia lakini umelegea kidogo. Akasema moyoni kwamba chuma kimechakaa. Akachukua mpira wa juu kabisa kwenye rafu, na mpira ukaingia kwenye jante wenyewe, bila sabuni, bila nyundo, mbele ya macho ya wote.

"Kaka, mikono yako iko na baraka," Alexis alisema, akicheka. Na Constant alifurahi. Hilo ndilo lilikuwa likimrudia kila siku, kwamba alifurahi.

Gari lilipoletwa limevunjika, yeye ndiye aliyetumwa kuvua magurudumu. Ule mpira wa mbele ulikuwa umetoka nusu kwenye jante. Aliushika kwa mikono miwili, akauvua jinsi mtu anavyovua kofia. Hakuhitaji chuma. Alisimama nao kifuani kitambo, kisha akageuza macho aone kama kuna anayemtazama. Hakukuwa na mtu. Akautupa kwenye rundo la mipira mibovu nyuma ya garage, na kuanzia dakika ile mwili wake ukawa si wake.

Lakini kifo hakikubali kukaa bila mwenyewe. Polisi waliandika utelezi. Ukoo ulitafuta mtu, ukampata upesi. Ukampata Germaine, mjane wa Alexis.

Kwetu mtu akifunga safari, hufagii nyuma yake mpaka awe amefika mbali na vumbi la miguu yake limetulia. Ukifagia umefuta nyayo zake, na asiye na nyayo atarudi kwa njia gani? Kila mtoto anajua. Asubuhi ile Alexis alipoondoka kwenda Bafwasende, binti yake mdogo alimwaga unga wa muhogo mlangoni, kuku wakaanza kuingia ndani, na Germaine akashika ufagio. Jirani alimwona. Siku ya maziko jirani akasema alichokiona, na alikisema kwa sauti. Germaine alikuwa mtu wa mtoni, wa Isangi, na wakwe zake ni watu wa Kasongo huko Maniema. Tangu mwanzo shangazi Philomène alikuwa akisema kwamba mwanamke wa samaki hajui mila ya watu. Sasa alikuwa na ushahidi.

Tonton Wenceslas, mkubwa wa ukoo, alikuwa amekata neno. Matanga yangevunjwa Jumapili. Jumatatu Germaine angepanda masua, meli ya mtoni, kurudi kwao Isangi, peke yake. Watoto wawili, Odile na Delphine, ni damu ya Kasongo, wangebaki kwa shangazi.

Alhamisi baada ya kazi Constant alipita kwa mjane. Hakujua amekwenda kufanya nini, miguu ilimpeleka. Kiwanja cha Germaine kilikuwa kimefunikwa na majani ya mti wa avoka, makavu juu ya mabichi, miezi saba ya majani. Mtu alikanyaga na kuzama hadi kifundo. Katikati yake Germaine alikaa juu ya mkeka, ungo mapajani, akichambua mchele. Watoto walikuwa wamelala ndani.

"Karibu, bokilo," alisema, akimwita shemeji kwa Kilingala kama siku zote. "Kaa."

Constant akakaa. Vidole vya Germaine vilitoa vijiwe na kuvitupa kwenye majani.

"Unachambua mingi," akasema Constant.

"Ni ya dimanche. Batu batakuja mingi. Batakula kwanza, kisha batanifukuza." Alilisema bila uchungu, utadhani anamhesabia sahani.

"Shemeji, na weye unaamini ile maneno?"

"Ya kufagia? Nilifagia, bokilo. Sikatai. Alikuwa hajafika hata ku avenue, niliona mugongo yake. Nikasema, unga hii, kuku hizi, ngoja nifagie mbio. Mungu alinipa bwana, na mi nilimufagia na unga." Akatikisa ungo. "Ufagio niliifunga juu ku dari. Siwezi kuishika. Odile anauliza, mama, juu ya nini kwetu kuko chafu, na mi namutuma maji. Bakinitoa kwa batoto, iko haki yao. Mi nilimuua baba yao."

Constant alifungua kinywa. Maneno yote yalikuwepo, yamejipanga, hata hayakuwa mengi: si weye, ni mi. Aliyatazama maneno yale kichwani mwake, yakakaa huko. Hakusikia woga, hakusikia aibu, na nadhani hilo ndilo baya zaidi, maana mwoga anaweza kutiwa moyo, lakini huyu ungemtia nini? Aliinua mkono, akachukua punje moja ya mchele kwenye ungo, akaitia mfuko wa shati. Germaine aliona, hakuuliza. Watu wenye matanga hawaulizani.

"Asante kwa kupita," alisema mjane alipomwona anasimama. Constant akaondoka, majani yakimlilia miguuni, akafika kwake, akala, akalala.

Ijumaa Mgiriki alitoka ofisini saa nne na kukuta gari-nyumba bado liko juu ya magogo, bila magurudumu.

"Constant, kesho ni samedi."

"Ndiyo, patron. Kuja uone kitu."

Jante ilikuwa sakafuni. Constant aliiwekea mti wake wa meno mawili, akausukuma upande mmoja mpaka ukagusa. Upande wa pili ukabaki wazi. Akatoa punje ya mchele mfukoni, akaipachika katikati ya jino na chuma, ikakaa bila kuanguka. Kisha akatoa mpira mpya kwenye rafu ya kumi na sita, akauweka kwenye jante, ukaingia kwa mikono. Akautia upepo, ukasimama vizuri, mpira mzuri wa kumfurahisha muzungu yeyote. Akatoa upepo nusu, akaweka goti, akavuta. Ukatoka.

"Ku kona, kama upepo umepunguka, inatoka hivi," akasema. "Hii mupira haiko ya hii jante. Yake ni ya quatre cents, mia ine. Tazama, iko imeandikwa ku ukingo hapa, ndani ya kutu."

Mgiriki aliinama, akasoma. Constant aliona shingo yake ikibadilika rangi.

"Lakini ile ya mbele," Mgiriki alisema polepole. "Ile ya Alexis."

"Niliiweka hivi hivi, patron."

Hakuwa mtu mbaya, Mgiriki. Alikuja maziko ya Alexis na suti nyeusi, akasimama juani hadi mwisho. Lakini mwenye duka ni mwenye duka. Akaenda kufunga mlango wa stoo, akarudi.

"Ulisema kwa nani?"

"Hakuna."

"Alors, usiseme. Polisi imeandika glissade, iko imekwisha. Mi nitaagiza ya quatre cents Léopoldville, itakuja na masua ya wiki tatu. Muzungu nitamwambia stock imekwisha, atangoja. Hakuna mutu atakufa tena. Weye utabaki na kazi yako, mi na garage yangu. Ukifungua kinywa, utamurudisha ndugu yako? Hutamurudisha." Akamgusa bega. "Rudi kwa kazi."

Na ukitazama vizuri, kwa upande wa mipira jambo lilikuwa limekwisha pale. Mipira sahihi ingekuja. Madame na watoto wa Lambrechts wangelala salama katika kitanda chao cha magurudumu. Constant alikuwa amechagua vizuri, na mtu mwingine angeshukuru Mungu na kunyamaza. Yeye alirudi kwenye kazi. Mchana kutwa aliziba mipira ya baiskeli. Saa kumi na moja alipovua nguo za kazi, mkono wake uliikuta ile punje mfukoni.

Jumapili watu walijaa kwa Germaine hadi barabarani. Walikalia viti vya kuazima juu ya majani, maana hata siku hiyo hakuna aliyefagia: kufagia ni kazi ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa hashiki ufagio. Shangazi Philomène alikuwa amenyoa kichwa. Odile na Delphine walikaa miguuni pake wamevaa magauni mapya, na yeye alikuwa ameweka mkono begani kwa mkubwa, kama mtu aliyekwisha kupewa. Germaine alikaa chini mlangoni. Kifurushi chake cha safari kilikuwa nyuma yake.

Walikula. Kisha tonton Wenceslas alisimama. Alikuwa mzee mrefu aliyefanya kazi miaka ishirini na sita kwenye reli ya Ponthierville, kazi ya kupima njia, na mpaka uzeeni alitembea kwa hatua za kupima. Alianza kwa kumtaja marehemu. Akafika kwenye neno la kufagia. Hapo ndipo Constant aliposimama, akaenda getini alikoacha baiskeli yake, akarudi amebeba jante begani na mpira mkuukuu mkononi, ule wa kwenye rundo. Hakuwa ameomba ruhusa ya garage. Aliviweka mbele ya mzee, juu ya majani, na watu wakadhani sasa huzuni imempanda kichwani.

"Tonton, unisamehe kukukata maneno," alisema. "Hii iko mupira ya motokari ya Alexis. Mi niliiweka."

Akaonyesha. Hakusema mengi, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Aliweka mpira kwenye jante, ukaingia, aliuvuta, ukatoka. Aliweka mti wenye meno, akapachika punje. Akasema: "Nafasi hii. Alexis alikufa juu ya nafasi hii. Niliijua siku ileile motokari ilirudi. Miezi saba nimenyamaza, na nilimuacha shemeji kubeba."

Kisha shangazi Philomène akasema, "Na nani alikufunga macho siku ile, weye fundi wa miaka kumi na moja? Si huyu mwanamuke na uchawi yake? Mulozi anapita mu mkono ya mutu mwingine. Tunajua."

Wengine wakaguna kukubali. Hivyo ndivyo ilivyo. Ukitaka kumtia mtu hatiani, hata ukweli unageuzwa kuni. Lakini tonton Wenceslas alikuwa amekwisha kupiga magoti. Aliushika mti wa meno mawili, akaugeuza, akauweka tena kwenye jante kwa mkono wake mwenyewe. Miaka ishirini na sita alikuwa amebeba mti kama huo, mkubwa kuliko huo, wa kupima nafasi ya reli na reli. Aliitazama ile punje. Aliitoa, mti ukacheza. Aliirudisha, mti ukatulia.

"Philomène, nyamaza," alisema bila kuinua kichwa. "Ku njia ya Ponthierville, reli ikipanuka hivi, wagon inaanguka. Nimeziona zimeanguka, na batu ndani. Hatukuulizaka nani alifagia. Tuliuliza nani alipima."

Akasimama, magoti yakilia. Akamgeukia mtoto wa ndugu yake.

"Mambo ya polisi siyataki, hatumupi Bula Matari, serikali ya bazungu, mutu wetu. Germaine atabaki mu nyumba yake, na batoto batabaki na mama yao. Masua iende bila yeye. Na weye, Constant." Akamnyooshea kidole. "Kosa ya mukono, kila fundi iko nayo. Lakini uliona huyu mwanamuke anabeba maiti yako miezi saba, na ulikuja kukaa ku mkeka yake. Usikanyage tena hapa. Hata batoto, usibaguse."

"Ndiyo, tonton," akasema Constant.

Aliiacha jante, aliacha mpira, aliacha mti wake. Alipita katikati ya viti na watu walivuta miguu yao. Hakumtazama Germaine. Alisikia tu kiti kikiburutwa mlangoni, mtu akikipanda, kamba ikikatwa kwenye dari. Delphine akauliza kitu kwa sauti ndogo.

Kisha akasikia ufagio.

Mwanzo ulikwaruza taratibu, mahali pamoja, hapo mlangoni. Halafu ukashika nguvu. Majani ya miezi saba yalianza kusukumwa, wageni wakiinua miguu na viti, na sauti ile ikaja ikifuata njia kutoka mlangoni kuelekea getini, moja kwa moja, nyuma ya mgongo wake. Hakuna aliyemzuia. Shangazi mwenyewe aliinua miguu. Kila mtu pale alijua kinachofanywa, na Constant alijua kuliko wote.

Alikuwa hajafika hata barabarani. Kitu kilimchoma chini ya kifua, kikapanda, na macho yake yakajaa maji kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili, akawa haoni mbele. Angeweza kukaza mwendo. Alipunguza, ili ufagio umfikie.